Shaba inasafiri na makaratasi, vitu vya mama vinasafiri na bahati

Kila siku makamyo yanatoka Kolwezi, Likasi na Lubumbashi na mizigo ya shaba. Yanapita Kasumbalesa, yanavuka Zambia mpaka Nakonde, yanaingia Tanzania ku Tunduma, kisha yanashuka Mbeya, Iringa na Morogoro mpaka ku bandari ya Dar es Salaam. Ni safari ya karibu kilometa 2 000. Na hakuna mwenye kamyo anayependa kurudi mikono tupu. Kwa kurudia yanabeba sufre ya viwanda, mashini na vipande vyake, na kati ya ile mizigo mikubwa kunajificha mizigo midogo: frigo, mashini ya kushona, vitanda, mabalo ya nguo, vyombo vya nyumba. Ile njo mizigo yetu. Ni ya bibi wa mutumikaji aliyeenda kutafuta bidhaa Kariakoo, ao ya mutoto aliyeishi Dar miaka mingi na sasa anarudi na nyumba yake yote.

Shaba inafika. Mizigo yetu, mara inafika, mara inafika nusu, mara haifiki kabisa.

Habari tunazoletewa hapa ku biro zinafanana sana. Mama amelipa, ameonyeshwa picha ya konteneri mu telefone, ameambiwa «mama, usiogope, wiki tatu utakuwa na vitu yako». Wiki tatu zinakuwa miezi tatu. Kisha telefone haiiti tena. Ao inaita, lakini mutu anayejibu anasema yeye hajui ile habari, aulizwe mwingine.

Kuko watu watakaosema: haya ni mambo ya biashara, gazeti linatafuta nini mule? Tunawajibu hivi. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 2003, wakati watumikaji zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliacha kazi na kupokea malipo ya mara moja. Wengine walinunua taksi, wengine walifungua duka, wengine waliweka ile pesa mu bidhaa. Ilipopotea, haikurudi mara ya pili. Leo dekonti finali ya mutumikaji iko vile vile. Ni miaka 20 ya posti za usiku, ni mugongo, ni mapafu. Ikiingia mu balo kumi za nguo na frigo sita, na zile balo zikapotea kati ya Kariakoo na Kasumbalesa, ni masomo ya watoto na kodi ya nyumba njo vinapotea. Sasa mwambie yule baba kwamba ni mambo ya biashara.

Tuangalie namna vitu vinapotea. Watu wengi wanafikiri ni bandi mu barabara. Mara nyingi hapana. Vitu vinapotea polepole, mu mikono ya watu wanaocheka nawe. Mama anafika Kariakoo, hajui mutaa. Kijana anamusalimia na Kiswahili ya kwetu, anamuuliza habari za Kenya na za Katuba, anamwita mama mukwe. Moyo unatulia. Kijana anasema yeye anafanya gurupaji: watu wengi wanaweka vitu mu konteneri moja, kila mutu analipa nafasi yake. Bei ni nzuri. Mama analipa. Yule kijana hana depo, hana kamyo, hana transitere. Yeye ni komisionere tu. Anapeleka vitu kwa mwenye depo, mwenye depo anapeleka kwa mwenye kamyo, mwenye kamyo anatafuta mutu wa duane. Siku vitu vinafika Kasumbalesa, viko mu mikono ya mutu wa ine, na yule mutu hajaona hata franga moja ya mama. Ataomba nini? Ataomba alipwe. Na mpaka alipwe, vitu vinafungiwa mu depo, na depo inahesabu kila siku.

Gurupaji yenyewe haiko mbaya. Lakini uliza: konteneri iko mu jina la nani? Kama mwenye jina ameficha kitu fulani mu mizigo yake, duane inafunga konteneri yote, na yako mule ndani. Na kuko familia zinazorudi kwa kuhama zinaambiwa waweke frigo mpya tano ya mwenzao katikati ya vitanda vyao vya zamani, «juu nafasi iko». Musikubali. Vitu vya nyumba vya mutu anayehama haviangaliwi ku duane sawa na bidhaa, lakini anatakiwa lisiti ya kila kitu na makaratasi ya kuonyesha kwamba aliishi kule. Ukichanganya na bidhaa ya mwingine, vyote vitaitwa bidhaa.

Kuko uongo mwingine unaotembea sana. Watu wanaambiwa: tangu Kongo iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, duane imekwisha, usilipe. Si kweli. Kupunguziwa ushuru kunaangalia fasi kitu kilitengenezwa. Frigo iliyotoka China, hata ikilala mwaka muzima Kariakoo, inabaki frigo ya China. Komisionere anayekuahidi «bila duane» anajua vizuri kwamba hatakuwa pale siku DGDA na OCC watafungua mulango wa konteneri.

Sasa tuangalie shaba. Hakuna kompanyi hata moja inayoacha tani ya shaba itoke mu uwanja wake juu ya neno la mutu aliyecheka vizuri. Inapimwa. Kila furushi iko na numero. Kamyo inafungwa na plombo, na plombo iko na numero. Jina la shofere limeandikwa, na plaki ya kamyo, na jina la mwenye kupokea, na nani atalipa ikipotea. Watumikaji wetu wanajua ile kazi, kwa sababu wengine njo wanaandika yale makaratasi kila siku ku kazi. Ile tunashindwa kuelewa ni hii: baba anayekataa kusaini bordero moja kabla ya kuhesabu mafurushi mara mbili, akirudi ku nyumba anaacha bibi yake atume dekonti yote kwa numero ya telefone ya mutu asiyejua jina lake la pili.

Kwa hiyo tunaomba kwa vitu vya mama kile kompanyi inaomba kwa shaba. Siyo zaidi.

Kwanza, ujue unaongea na nani. Watu wa Dar wanaita forodha kile sisi tunaita duane, na transitere wanamwita wakala wa forodha. Wakala wa kweli iko na leseni ya Mamlaka ya Mapato ya Tanzania, TRA, na kompanyi yake imeandikwa ku BRELA. Omba kuona yale makaratasi, soma jina, soma tarehe ya mwisho. Enda mpaka ku ofisi yake. Kama kila mara anakupa randevu mu restora ao mu mulango wa duka la mwingine, ofisi hakuna. Angalia depo na macho yako: kuko mulinzi? Vitu vya watu viko na majina juu? Na pesa ilipwe ku konti ya kompanyi, isilipwe ku telefone ya mutu. Mwenye kukataa hii moja tu, muache.

Halafu bei. Hapa njo watu wanaumia sana, kwa hiyo tukae kidogo. Mizigo inahesabiwa kwa kilo ao kwa metrekibe. Ukihesabiwa kwa metrekibe, peleka metre yako mwenyewe. Karato ya frigo yenye metre 0,7 kwa 0,7 na urefu wa metre 1,7 inafanya metrekibe 0,83. Mutu akikuambia moja na nusu, anakuuzisha hewa. Ukumbuke pia kwamba konteneri ya futi 20 inaingiza metrekibe karibu 33 tu. Yule anayekuambia ameisha kukusanya watu wa metrekibe 50 mu konteneri moja ya futi 20, watu fulani watabaki mu depo. Kisha uulize maswali tatu, na majibu yaandikwe: bei hii inafika wapi, Kasumbalesa ao mpaka mulango wa nyumba yangu ku Likasi? Duane iko ndani ao hapana? Kamyo ikichelewa, depo inalipwa na nani? Mwenye bei ya chini sana mara nyingi hakujibu swali la pili. Kwa maoni yetu, afazali mutu wa bei kali anayekuandikia kila kitu mustari kwa mustari kuliko yule wa bei tamu anayesema «tutaelewana». Na usilipe yote mara moja. Sehemu ya kwanza vitu vikipakiwa, sehemu ya pili vikifika na umevihesabu.

Risiti za maduka uzichunge. Ku Tanzania duka linatoa risiti ya mashini ya EFD, yenye numero ya mulipa kodi. Wauzaji wengine watakuambia «ukitaka bila risiti, nitapunguza». Unapunguziwa kidogo pale, na ku Kasumbalesa unafika bila fakture, na bei ya bidhaa yako inahesabiwa na mutu mwingine, jinsi yeye anaona.

Neno moja juu ya luga, na hatuchezi. Kwetu Katanga mutu akienda soko kutafuta unga anasema anaenda kuuza unga, na mwenye duka njo anauzisha. Ku Dar, kuuza ni kazi ya mwenye duka. Sasa uandike mu karatasi ya Dar «mimi niliuza frigo sita», halafu upeleke ile karatasi kwa polisi wa Dar siku vitu vimepotea. Atasoma kwamba wewe njo uliyezitoa kwa mwingine na ukapata pesa. Andika: nilinunua. Mu mudomo musemeane namna munataka, lakini mu karatasi, nilinunua.

Tunajua kile mama wengi watajibu. Watasema zile kompanyi zenye leseni ni za matajiri, sisi tunabebesha kwa mama fulani ambaye tunamujua tangu miaka kumi, na hajapoteza hata kijiko. Ni kweli, na tunawaheshimu wale wamama. Kuko wanaobeba vitu vya mutaa muzima, bila biro na bila leseni, na ni waaminifu kuliko ofisi zenye klimatizere. Hatusemi muwaache. Tunasema, hata kwa yule mama, andika lisiti. Nakala mbili, moja kwake moja kwako, kila kipande na alama yake, picha ya kila karato kabla ya kufungwa, plaki ya kamyo, jina na telefone ya shofere. Kwetu mutu anaona haya kuomba karatasi kwa ndugu, anafikiri ni kumuita mwizi. Lakini yule mama, kamyo ikipata aksida ku Iringa, ile lisiti njo itamusaidia yeye wa kwanza, kwa sababu vitu vya watu makumi mbili vitakuwa chini mu barabara na kila mutu atasema ile televizyo ni yangu.

Na mukubwa hapa haiko mama peke yake. Kompanyi za mine ziko na maserivisi zinazoongea na matransitere wa Dar kila asubui. Wanajua nani anafanya kazi na nani anakula pesa. Haiwagharimu kitu kubandika ku mulango wa mine lisiti ya mawakala wenye leseni wanaokubali mizigo midogo. Sendika nazo, siku ya kulipa dekonti, zinaweza kukalisha wale wanaotoka pamoja na bibi zao saa moja tu, na kuwaeleza njia hii. Mamlaka ya Bandari ya Tanzania iko na biro hapa Lubumbashi. Inahangaikia sana shaba ya wakubwa, na ni haki yake, lakini mulango wake ufunguliwe pia kwa mama wa balo kumi. Na ku Kasumbalesa, tarifu ibandikwe ku ukuta, na maandishi makubwa, mu Kifaransa na mu Kiswahili, ili mutu ajue kile Serikali inaomba na kile mutu binafsi anajiombea.

Kwa wale ambao vitu vyao vimefungiwa leo: musitume pesa ingine kabla mwenye kuomba hajaandika ni ya nini, kwa jina la nani, na vitu viko depo gani. Kama viko bado Dar es Salaam, fungueni mashitaka ku polisi ya kule, na mupeleke nakala za makaratasi ku ubalozi wetu, nao uko mu muji ule ule. Kama vimefika Kasumbalesa, endeni kuuliza ku biro ya DGDA yenyewe kama konteneri imetangazwa. Mara nyingi mutasikia kwamba haijatangazwa, na ile «duane» muliyolipa mara mbili haikufika kwao.

Wiki hii tumepeleka haya maombi kwa wajumbe wa sendika wa kompanyi kadhaa za Lubumbashi na Kolwezi. Majibu yakifika tutayaandika hapa, pamoja na majina ya kompanyi ambazo zimekubali kubandika lisiti.