Ardhi ya Kunong'onezwa

Ujumbe huingia kwenye simu jioni, mara nyingi baada ya Isha. Hauna picha, au una picha moja tu ya kichaka na njia ya vumbi. Ekari tano, karibu na barabara itakayopita, mwenye mali ana dharura, bei ya leo haitakuwepo wiki ijayo. Halafu dalali anamalizia kwa maneno yenye mvuto kuliko bei yenyewe: "Hii bado haijatoka nje. Usimwambie mtu."

Asiyekuwa na tamaa ya shamba la bei nafuu ni nani? Mwalimu aliyekopa kwenye sacco, nesi aliye Doha au Muscat anayetuma fedha nyumbani kila mwezi, kijana aliyeuza bodaboda yake, wote wamesikia habari za fulani aliyenunua kabla ya lami kufika na leo ana nyumba za kupangisha. Baadhi ya habari hizo ni za kweli. Lakini anayeambiwa asimwambie mtu anaombwa aiweke chini ngao yake mwenyewe, na aiweke kabla hajajua anapambana na nini.

Sheria za ardhi za Kenya na Tanzania zimejaa kelele, na kelele hizo zimewekwa kwa makusudi. Nchini Kenya, mauzo ya ardhi ya kilimo hupelekwa mbele ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi la idhini lina muda wa miezi sita tangu makubaliano yafanyike. Mahali ambapo umiliki unasajiliwa kwa mara ya kwanza, daftari huachwa wazi siku 60 ili mwenye pingamizi ajitokeze. Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeyaweka mambo ya ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa wanakijiji, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mizunguko yote hiyo inachosha. Lakini ndiyo inayompa mke, jirani au ndugu aliyeko mbali nafasi ya kusema hapana wakati fedha bado ziko mfukoni mwa mnunuzi.

Walioidharau mizunguko hii si washamba peke yao. Tarehe 21 Aprili 2023, Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja kilichogombaniwa kiko ufukweni Nyali. Mwaka 1989 kiligawiwa Daniel arap Moi, aliyekuwa Rais, kisha kikauzwa, na mwishowe kikaifikia Dina. Mwaka 2017 kaunti iliingia na kuubomoa ukuta, ikisema pale ni mahali pa wazi pa umma na njia ya kwenda baharini. Dina ikajitetea kwamba ilinunua kwa nia njema, kutoka kwa mwenye hati, baada ya kufanya upekuzi kwa msajili.

Majaji hawakukubali. Walisema hati pekee haitoshi. Lazima liangaliwe shina lake, yaani jinsi ardhi ilivyotoka mikononi mwa umma mara ya kwanza. Pale Nyali, ugawaji wa mwanzo haukufuata taratibu, kwa hiyo kila aliyenunua baadaye alinunua kasoro ile ile, hata kama hakuijua. Miezi mitano baadaye, katika kesi ya Torino Enterprises iliyohusu ardhi ya Embakasi, Nairobi, mahakama hiyo hiyo ikasema barua ya kugawiwa ardhi haimpi mtu umiliki. Na barua kama hizo ndizo zinazopita mkono kwa mkono katika biashara ya kunong'onezwa, kwa ahadi kwamba hati iko njiani.

Basi mtu ajiulize: kama kampuni yenye mawakili imepoteza kiwanja chenye hati kamili, mwalimu atalindwa na nini akiwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu kwenye meza ya hoteli, mashahidi wakiwa dalali na shemeji yake?

Wakazi wa Athi River, Kenya, walikuwa na karatasi pia. Oktoba 2023, matingatinga yalibomoa nyumba zilizojengwa kwenye ardhi ambayo mahakama ilikuwa imethibitisha kuwa ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Zilikuwamo nyumba za mawe, nyingine za ghorofa, watu wakiwa wamehamia na watoto. Waliowauzia hawakuwa na ardhi ya kuuza.

Lakini upo upande mwingine wa mnong'ono, na huo hausemwi vya kutosha. Bei ikiwa chini kwa sababu habari haijatoka nje, maana yake ni kwamba muuzaji naye hajaipata. Kaunti ya Lamu, katika pwani ya Kenya, ilionyesha hili wazi. Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, pamoja na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia, walizindua mradi wa uchukuzi wa LAPSSET na bandari yake ya Lamu. Mwaka 2014, Rais Uhuru Kenyatta aliamuru hati za takriban ekari 500,000 za kaunti hiyo zifutwe, akieleza kwamba zilikuwa zimegawiwa kampuni 22 kati ya mwaka 2011 na 2012. Tazama miaka hiyo: ni ile ile ambayo bandari ilikuwa ikitoka kwenye ramani na kuingia ardhini. Wakulima na wavuvi waliolima na kuvua hapo tangu enzi za mababu, wengi wao bila hati kwa sababu ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1908 iliyohesabu ardhi isiyodaiwa kuwa ya serikali, ndio waliopaswa kuzisikia habari hizi mwanzo. Walizisikia mwisho.

Kwa hiyo mnunuzi mwaminifu ana wajibu ambao dalali hatamkumbusha. Bibi anayeuza ekari mbili ili amlipie mjukuu karo ana haki ya kujua kwamba barabara imepimwa nyuma ya minazi yake.

Na hiyo minazi yenyewe ina jambo. Katika sehemu nyingi za pwani, mti na udongo vinaweza kuwa na wamiliki tofauti: huyu ana ardhi, yule ana minazi kumi aliyoachiwa na babake. Anayenunua usiku kwa picha ya simu hawezi kujua. Anayefika asubuhi, akavuka shamba kwa miguu, ataona alama zilizochongwa kwenye shina, mawe mawili yaliyosimamishwa chini ya mbuyu ambayo ni kaburi, na njia nyembamba ya wanawake kwenda kisimani. Akikaa kidogo mzee wa jirani atatoka, atamwamkia, na baada ya habari za nyumbani atauliza: "Huyu aliyekuleta hapa, mnajuana vipi?" Swali hilo limewaokolea watu fedha nyingi.

Si kila mauzo yasiyotangazwa ni hila. Shamba huuzwa kati ya ndugu, bila bango wala gazeti, na hakuna ubaya. Fikihi ya Kiislamu ina shufaa, haki ya mshirika katika mali isiyogawanywa kuichukua sehemu ya mwenzake inapouzwa kwa mtu wa nje. Hata huko, haki yenyewe haina maana kama mshirika hakupata habari ya mauzo. Soko la kimyakimya limegeuza mambo: mgeni anaambiwa kwanza, na ndugu wa damu anaona bikoni mpya akipita kwenda shambani.

Serikali nazo zina lao. Rais John Magufuli wa Tanzania alipotangaza Julai 2016 kwamba serikali itahamia Dodoma, hamu ya viwanja ilipanda, na malalamiko ya kiwanja kimoja kupewa watu wawili yakawa wimbo wa kila siku katika ofisi za ardhi. Mradi mkubwa unapopangwa, upimaji na usajili wa wenyeji unapaswa kwenda mbele ya uzinduzi. Daftari lifunguliwe, majina yabandikwe kwenye ofisi ya chifu au ya mtendaji wa kijiji, yasomwe kwa sauti barazani, watu wapewe zile siku 60 za kupinga. Kisha ndipo utepe ukatwe, na anayetaka kununua anunue mchana, kwa bei ambayo muuzaji anaielewa.