Tembo wakipatana



Wazee wetu wanasema: tembo wawili wakipigana, majani ndiyo yanaumia. Neno hilo ni la kweli, tunaliona kila siku. Lakini mwezi huu ninataka kuwaelezea habari moja ambamo mambo yaligeuka. Tembo walipopigana, majani yalinenepa. Tembo walipopatana kwa siri, majani yakakauka. Tembo hao ni kompani kubwa za Marekani, na majani ni wafanyakazi wao.

Vijana wengi wanaijua Google. Mtu anaandika neno moja mu telefone, na mara moja anapata majibu. Chombo kinachofanya kazi hiyo kinaitwa motere ya kutafuta. Fikiri soko kubwa lisilo na mwisho, na katikati yake mtu mmoja anayejua kila muuzaji anakaa wapi. Unamuuliza: “Chumvi iko wapi?” Anakuonyesha, na hakulipishi hata franka moja. Faida yake anaipata kwa wenye maduka, wanaomlipa ili majina yao yaonekane karibu na jibu. Basi, kompani inayoulizwa na watu wengi zaidi ndiyo inayopata feza nyingi zaidi.

Google ilianzishwa mwaka 1998 na wanafunzi wawili wa Stanford, Larry Page na Sergey Brin. Mbele yao kulikuwa Yahoo na AltaVista. Yahoo yenyewe, toka mwaka 2000 mpaka 2004, iliwapa watu majibu ya Google, kisha ikaanza kutumia motere yake. Microsoft nayo, tajiri mkubwa wa programu za ordinatere, iliamka kwa kuchelewa, ikaleta motere yake mwaka 2005. Hapo vita ikawa kali.

Walipigania nini? Sisi watu wa migodi tunajua kwamba mali iko chini ya udongo. Mfanyakazi akiondoka, shaba inabaki pale pale. Kwa motere ya kutafuta si vile. Mali yake iko ndani ya vichwa vya watu, na kila mangaribi mali hiyo inavaa viatu na kurudi nyumbani. Asubui inaweza kwenda kwa jirani.

Ndivyo ilivyotokea mwaka 2005. Microsoft ilikuwa na mkubwa mmoja anayeitwa Kai-Fu Lee, mzaliwa wa Taiwan. Ni yeye aliyeianzishia nyumba ya uchunguzi mu mji wa Beijing mwaka 1998. Mu mwezi wa 7 mwaka 2005 Google ilimwita aongoze kazi yake ya China, ikamwaidia malipo kupita dolare milioni 10. Microsoft ikakasirika, ikapeleka mambo ku tribunali kule Seattle. Ilisema: “Huyu alitia sahihi kontra. Akiondoka kwetu, hawezi kufanya kazi ya namna ile ile kwa mshindani wetu mwaka mzima.”

Mu karatasi za kesi hiyo kulionekana habari ambayo watu wengi waliicheka. Injenieri mwingine wa Microsoft aliapa kwamba mwaka 2004, alipomwambia kiongozi wake Steve Ballmer kwamba anaenda Google, Ballmer alikamata kiti na kukitupa. Ballmer alijibu kwamba maneno hayo yalizidishwa sana. Hata hivyo, kila mtu alielewa namna mabwana walivyochoma roho juu ya kupoteza wafanyakazi.

Mwamuzi alikata neno mu mwezi wa 9 mwaka ule ule, na neno lake linastahili kukumbukwa. Alisema Lee anaweza kuanza kazi, kufungua biro ya China na kuandikisha wafanyakazi. Lakini, mpaka kesi isikilizwe yote, asiguse uchunguzi wa motere ya kutafuta ambao alikuwa anaujua kwa Microsoft. Maana yake: siri ya bwana ibaki kwa bwana, lakini mikono ya mfanyakazi isifungwe yote. Mu mwezi wa 12 kompani hizo mbili zikapatana, kesi ikaisha.

Hiyo ndiyo vita ya wazi. Kelele ilikuwa nyingi, ma-avoka walikula feza, lakini mtu mwenye ujuzi aliona bei ya kazi yake ikipanda. Sasa musikilize upande mwingine.

Mwaka ule ule wa 2005, Steve Jobs, kiongozi wa Apple, alimpigia Brin wa Google telefone kwa hasira, kwa sababu Google ilikuwa inatafuta kuchukua mainjenieri wa Apple. Hakukuwa kesi. Kulikuwa mapatano: Google haitawaita wafanyakazi wa Apple, na Apple haitawaita wa Google. Kompani zingine zikafanya vilevile, mbili mbili. Wafanyakazi hawakuambiwa kitu.

Mwaka 2007 mwandikishaji mmoja wa Google alimwandikia injenieri wa Apple juu ya kazi. Jobs akamlalamikia Eric Schmidt, kiongozi wa Google, ambaye wakati ule alikuwa pia mu baraza la wakubwa wa Apple. Jibu lilirudi kwamba yule mwandikishaji atafukuzwa mbele ya saa moja kuisha. Jobs, alipopata habari hiyo, alijibu kwa alama moja tu: uso unaotabasamu. Mkate wa mtu umekatwa, na mkubwa anatabasamu! Barua hizo zilikuja kujulikana wakati wa kesi, na watu wakazisoma kwa uchungu.

Muone vizuri ubaya wake. Mtu akinyimwa mshahara, anajua, analia. Lakini injenieri huyu anapata mshahara wake kila mwezi, anasema asante. Kitu alichonyang’anywa ni telefone ambayo haikulia. Angeitwa, angeweza kumwambia bwana wake: “Jirani ananipa zaidi, wewe unasema nini?” Hakuitwa. Akafikiri labda ujuzi wake hauna bei. Kumbe mlango ulifungwa kwa inje.

Mwaka 2010 serikali ya Marekani ilishitaki kompani sita: Adobe, Apple, Google, Intel, Intuit na Pixar. Zikakubali kuacha mapatano hayo. Mu mwezi wa 11 wa mwaka ule, Google ilitangaza kwamba itaongeza mshahara wa wafanyakazi wake wote, 10 kwa 100. Facebook ilikuwa inawavuta kwa nguvu, na Facebook ilikataa kufanya mapatano ya namna ile. Kwa hiyo tembo mmoja aliyekataa kupatana aliwapa majani mvua.

Wafanyakazi nao walishitaki. Walikuwa karibu 64.000. Mwaka 2014 kompani nne, Adobe, Apple, Google na Intel, zilitaka kumaliza kesi kwa dolare milioni 324 na nusu. Mwamuzi Lucy Koh akakataa, akasema ni kidogo. Mwaka 2015 akakubali milioni 415. Ukigawanya, hata mbele ya kulipa ma-avoka, haifike dolare 6.500 kwa mtu mmoja. Kwa kompani zile ni sawa maji ya kunawa mikono.

Na si wafanyakazi peke yao. Wale wale Google na Apple walipatana pia juu ya soko. Mwaka 2022 Google iliilipa Apple dolare miliare 20, ili mtu anayenunua telefone ya Apple akute Google imekwisha kuwekwa ndani kuwa ya kwanza. Mu mwezi wa 8 mwaka 2024, kule Washington, mwamuzi Amit Mehta alisema Google ilivunja sheria kwa mapatano ya namna hiyo. Mwaka 2025 alikataza kontra zinazofungia wengine inje, lakini kulipa kwenyewe hakukukataza. Mshindani akinyamazishwa kwa feza, nani ataisukuma kompani itengeneze chombo kizuri zaidi? Mnunuzi naye ni majani.

Sasa, kijana wetu unayejifunza umeme, ufundi wa mashini ao ordinatere, habari hii inakuhusu. Mbele ya kutia sahihi kontra, usiangalie namba ya mshahara tu. Tafuta maneno yanayosema namna utakavyoondoka, na kama usipoyaelewa, uliza mtu mwenye kujua. Karatasi na siri za kompani si zako, usizibebe. Lakini ujuzi ulioingia ndani ya mikono yako ni wako. Tena, musione haya kuulizana kati yenu kazi fulani inalipwa ngapi. Mtu asiyejua bei ya soko anauza muhogo wake kwa hasara, na anarudi nyumbani akifurahi.

Na wewe baba ao mama mwenye kuajiri watu, hata kama ni garage ndogo ya mafundi watatu: fundi wako akiitwa na jirani, muongezee ukiweza, kama huwezi, muage vizuri. Usiende usiku kwa jirani kusema: “Tusichukuliane watu.” Neno hilo ni fupi, lakini linakula chakula cha watoto ambao hawajui hata jina lako.

Maulizo ya kuzungumzia nyumbani:

1. Katika kesi ya Lee, siri ya kompani ni nini, na ujuzi wa mfanyakazi ni nini? Mutaje mifano ya hapa kwetu.

2. Kwa nini telefone isiyolia inaweza kumuumiza mtu kuliko matusi?

3. Mu kartie yenu, wauzaji wawili wakipatana bei, nani anapata faida na nani anaumia?

Tuonane mwezi ujao.