Nyumba Kusimama Si Ushahidi

Muulize mtu anayejenga Goba, Kivule au Chanika, jijini Dar es Salaam, ni nani aliyepiga hesabu za nondo za nyumba yake. Atakutajia jina la fundi. Muulize tena mhandisi yuko wapi, naye atacheka: "Mhandisi wa nini? Huyu fundi kajenga nusu ya mtaa huu, na nyumba zote zimesimama."

Hoja hiyo imezoeleka mno hata imekuwa kama sheria. Nasema ni hoja mbovu, tena inaua.

Nyumba kusimama leo kunathibitisha jambo moja tu: kwamba leo haijaanguka. Zege huficha dhambi zake. Likizidishiwa maji ili limwagike kwa urahisi, hudhoofika, lakini likikauka linafanana na zege bora. Nguvu yake haiji kwa siku moja: hupimwa likifikisha siku 28. Anayeng'oa mirunda mapema ili akaitumie kwenye kazi nyingine haachi alama yoyote ambayo mwenye nyumba ataiona. Lipu na rangi hufunika yaliyobaki.

Chukua roshani. Slabu iliyokaa juu ya kuta mbili huvutika upande wa chini, kwa hiyo nondo zake kuu huwekwa chini. Roshani iliyoshikwa upande mmoja huvutika upande wa juu, na nondo zake kuu lazima zikae juu. Fundi akiziweka chini kwa mazoea, au vibarua wakizikanyaga zikazama wakati wa kumwaga zege, gharama ni ileile na sura ni ileile. Tofauti itajulikana siku ya shughuli, wageni watakapojazana pale juu kupiga picha.

Au chukua udongo. Mfinyanzi mweusi huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Msingi uliomfaa jirani mwenye kiwanja cha kichanga unaweza kupasua nyumba yako. Wahenga walituasa tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta, lakini ufa unaotokana na msingi uliotitia hauzibwi kwa lipu.

Sina ugomvi na mafundi. Kunyoosha ukuta, kupaua, kupanga taili: hapo wahandisi wengi watasubiri. Lakini uzoefu wa mikono haupigi hesabu ya mzigo wa ghorofa ambayo mwenye nyumba ameamua kuiongeza katikati ya ujenzi.

Watu watasema mhandisi ni ghali. Wanaosema hivyo ndio hao hao wanaotoa fedha bila kusita kwa ajili ya jipsamu, madirisha ya alumini na geti la kifahari. Fedha ipo, ila tunaipeleka kwenye vinavyoonekana na wapita njia.

Hoja nzito zaidi ni kwamba wapo wahandisi wanaouza muhuri: wanagonga ramani ili kibali kitoke, halafu eneo la ujenzi hawalijui hata kwa jina. Hilo ni kweli. Jengo la ghorofa 16 lililoanguka katikati ya Dar es Salaam mwezi Machi 2013 liliua watu 36, na miongoni mwa walioshitakiwa walikuwemo wahandisi. Lakini funzo lake ni kwamba muhuri bila usimamizi ni karatasi tu. Funzo hilo halimpi fundi leseni ya kufanya kazi asiyoisomea. Jengo la Huruma, Nairobi, lililoporomoka Aprili 2016 kwa mvua kubwa na kuua takriban watu 50, lilionyesha upande wa pili: ghorofa zinazopandishwa pasipo wataalamu hukaliwa na wapangaji ambao hawakuulizwa chochote.

Basi wewe unayejenga, kabla ya kuchimba msingi, mwombe mhandisi namba yake ya usajili na ukaihakiki kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Andikianeni mkataba unaotaja siku za kufika kwake: msingi ukishachimbwa, na nondo zikishafungwa kabla ya kila zege. Fundi akikuambia mchanganyiko uko tayari na mhandisi hajafika, zuia kazi. Zege lisimwagwe. Hasara ya siku moja ya vibarua utaimudu.