Kupima macho siyo kupoteza muda, mjomba!

Wadau, leo sina habari za bumu wala foleni ya kafteria. Leo nina ugomvi.

Likizo nilikuwa nyumbani, Nachingwea na upande wa Ruangwa, na kila nikigusa habari ya operesheni ya mtoto wa jicho nakutana na wimbo uleule: "Hawa wanapimapima tu, si watoe huo ukungu tuondoke?" Mjomba mmoja ndo aliniwasha kabisa, na mnajua kwetu Wamwera mjomba akisema basi ukoo umesema. Ati bibi kafuata kuona, hakufuata kupimwa sukari! Mjomba shikamoo, ila hapa hatuelewani.

Jamani, kinachofanyika ni hivi. Daktari anatoa lenzi ya jicho iliyoingia ukungu, anaweka ya bandia. Hiyo ya bandia ina namba, kama viatu. Namba inapatikana kwa kupima urefu wa jicho na mviringo wa kioo chake cha mbele. Jicho la mtu mzima lina urefu wa kama milimita 23 au 24 hivi. Ukikosea milimita 1 tu, namba inapotea kwa karibu dayopta 3. Maana yake bibi anatoka thieta, ukungu hakuna, na sura ya mjukuu bado haioni sawasawa bila miwani. Harold Ridley, yule Mwingereza aliyeweka lenzi ya kwanza London mwaka 1949, mgonjwa wake alibaki haoni mbali kwa sababu nguvu ya lenzi haikuwa sahihi.

Na mwaka huohuo 1949, wenzake Ridley walikuwa wapi? Nachingwea kwetu, na matrekta yao, wanalima karanga! Walifyeka pori kabla hawajaujua vizuri udongo wala mvua. Mwaka 1951 mradi ukatupwa, na reli yenyewe baadaye ikang'olewa. Sisi ndo tulitakiwa kuwa wa mwisho kudharau vipimo.

Halafu kuna tochi. Bibi anamulikwa huku na huku, anaulizwa mwanga unatoka wapi, wajukuu wanacheka. Kumbe anatafutwa kama mshipa wa nyuma unafanya kazi. Kama presha ya macho imeshaua mshipa, utoe mtoto wa jicho mara kumi, haoni. Bora familia iambiwe kabla haijauza korosho.

Sukari na presha ya damu nazo zinapimwa kwa sababu jicho limo mwilini, halikuja peke yake. Na huku kwetu trakoma imetesa watu miaka mingi, kwa hiyo wanaangalia vikope. Kope zikigeukia ndani zinakwaruza jicho na kuleta vidonda. Hapo kinaanza kutengenezwa kikope, ndipo lenzi ifuate. Mjomba aliita hiyo "kuzungushwa".

Lakini siwatetei madaktari wote, msinielewe vibaya. Wanaokuja na kambi wakitangaza "tumefanyia watu kadhaa" nao wananiudhi. Tuambieni wangapi wanaona! Na mkimrudisha mzee, mwambieni sababu kwa Kiswahili cha kueleweka, siyo kumwandikia karatasi asiyoweza kuisoma, tena macho yenyewe hayaoni. Mtu ametoka kijijini kwa bodaboda, amelala nje, anarudishwa bila maneno. Hapo mjomba ana haki ya kukasirika. Vipimo vifuateni kijijini wiki kadhaa kabla, anayeitwa wilayani awe anajua anakwenda kufanyiwa nini. Na msipange Oktoba na Novemba, watu wanaokota korosho, nani atamshika bibi mkono?

Hata humu bwenini kuna jamaa wanaota leza ili waachane na miwani. Nao wanadhani ni kulala na kuamka. Unene wa kioo cha jicho ni kama nusu milimita tu, na leza inakipunguza. Kikiwa chembamba mno au kimechongoka, hufanyiwi, hata uwe na hela.

Mjomba, bibi anarudi kupimwa baada ya mavuno. Nauli nimeshatenga kwenye bumu.