Turufu Imo Mkononi

Spades ni mchezo wa karata uliozuka Marekani katika miaka ya 1930, na sasa huchezwa hata kwa simu. Wachezaji wanne hugawiwa karata 13 kila mmoja. Kabla ya kucheza, kila mmoja hutamka idadi ya mizunguko atakayoshinda. Shupaza ndiyo turufu daima.

Inasikitisha kumsikia mwanafunzi wa Kiswahili akiusimulia mchezo huu kwa Kiingereza kitupu, eti lugha yake haina msamiati. Dai hilo halina mashiko. Shupaza, kopa, uru, pau, turufu na hata karata yenyewe ni maneno yenye asili ya Kireno, lugha ya waliojenga Ngome ya Yesu, Mombasa, kuanzia 1593. Wareno waliipoteza ngome hiyo mnamo 1698, lakini maneno yao yalibaki, yakavaa sauti na ngeli za Kiswahili.

Linalohitaji kujadiliwa ni jina la ile hatua ya kutamka idadi. Wapo watakaopendekeza 'dau' au 'zabuni'. Hata hivyo, dau hunuka kamari, na zabuni hupewa mshindani mmoja tu. Katika Spades, wachezaji hufungwa na kauli zao, na wasipozitimiza hupoteza alama. Basi na iitwe 'ahadi', kwani ahadi ni deni.

Wanaisimu chipukizi wanaokesha wakibuni istilahi wapekue kwanza kamusi. Mwenye turufu mkononi hana haja ya kuomba karata kwa jirani.