Chakula cha Mchana Kitoke Nyumbani

Yako mambo yaonekanayo madogo, lakini ndani yake mna heshima ya mtu na ustawi wa nyumba yake. Mojawapo ni chakula cha mchana cha mfanya kazi.

Katika Wilaya za Mbulu na Hanang, wengi huondoka nyumbani kabla ya umande kukauka. Wapo waendao kwenye mashamba ya ngano ya Basotu, wapo waendao kwenye vitunguu saumu vya Dongobesh, na wapo walimu, waganga, makarani na mafundi waendao kazini Haydom, Katesh na Mbulu mjini. Ifikapo saa saba mchana, wengine hununua chakula na wengine hushinda njaa mpaka jioni. Wako pia waliokuja na chakula chao, lakini hukila kwa kujificha, wakiogopa kuitwa maskini.

Aibu hiyo twaikataa. Na tufanye hesabu pamoja. Mtu akitoa shilingi 2,000 kila siku kwa siku 26 za kazi, mwisho wa mwezi ametoa shilingi 52,000. Kima cha chini cha mshahara wa kilimo kilichoanza kutumika Januari 2023 kilikuwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba zaidi ya theluthi moja ya mshahara wa namna hiyo ingeliwa na mtu mmoja, kabla mtoto hajanunuliwa daftari. Na hali mahindi, maharage na viazi vimo nyumbani, vimelimwa kwa jasho letu wenyewe!

Wahenga walisema akiba haiozi. Lakini chakula huoza, na hapa yatupasa kuwa waangalifu. Wali au makande yaliyopikwa jana, yakalala chungu kizima bila kupoa vema, yaweza kumwangusha mtu kwa tumbo la kuendesha. Chakula kilichopikwa kisikae katika hali ya uvuguvugu kwa zaidi ya saa mbili. Mwenye hotpoti na aisuuze kwanza kwa maji ya moto, kisha atie chakula kinachotoa mvuke na kuifunga barabara. Asiye nayo na achukue vitu visivyoharibika upesi: karanga, ndizi, au viazi vitamu vilivyochemshwa asubuhi ile ile. Maziwa ya mgando nayo hustahimili kuliko maziwa mabichi, kwa sababu ya uchachu wake. Kibuyu cha maziwa si kitu kigeni kwa ndugu zetu wachungaji wa Kidatoga.

Wako watakaouliza: Je, mama lishe atakula wapi? Swali hilo ni la haki. Mama lishe ni mfanya kazi kama sisi, wala hatumpigi vita. Siku mtu awapo na nafasi, na ale kwake, tena alipe papo hapo. Tunachokipinga ni kula kwa mkopo tangu tarehe mosi, hata siku ya mshahara mtu akabakiwa na karatasi ya madeni tu.

Neno jingine ni kwa wanaume. Chakula cha nyumbani hakijipiki. Mama aliyechota maji, akakata kuni na kuwaandaa watoto, asiongezewe mzigo huu peke yake. Mume asidhani kwamba wajibu wake ni kunyosha mkono mlangoni na kupokea. Viazi havichagui mikono ya kuvimenya.

Na neno la mwisho ni kwa waajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kuwa mtu anayefanya kazi kwa zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60. Mapumziko hayo si zawadi ya msimamizi. Mfanya kazi aliyeleta chakula chake amekwisha timiza sehemu yake. Mwajiri naye na atoe saa hiyo, kivuli, na maji safi ya kunawa. Viongozi wa wafanya kazi wasione haya kuyadai mambo hayo.

Basi, ndugu wafanya kazi, fungueni vyakula vyenu hadharani, mketi pamoja, mle. Anayekula jasho lake hana sababu ya kujificha.