Mguu Usiohisi Mwiba

Mkazi wa Nkuhungu akikanyaga mwiba wa mgunga hushtuka, huinua mguu na kuung'oa. Mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi huenda asishtuke kamwe. Mishipa yake ya fahamu imekwisha kufa ganzi; hutembea na mwiba huo siku kadhaa, na habari za jeraha huzipata kwa harufu. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usiku, wakiwa usingizini.

Tumeyataja haya kwa sababu wananchi wengi bado hudhani kwamba kisukari ni ugonjwa wa kuacha sukari ya chai tu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba, kati ya kila watu 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64, karibu 9 walikuwa na sukari iliyozidi katika damu na karibu 26 walikuwa na shinikizo kubwa la damu. Maradhi hayo mawili hukutana mara nyingi katika mwili mmoja, na hapo ndipo figo, macho na moyo huumia upesi. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari walioshushwa shinikizo la damu barabara walipata kiharusi kwa asilimia 44 pungufu ya wenzao ambao halikushushwa sana. Kwa hiyo mganga apimaye sukari kidoleni, kisha akamruhusu mgonjwa aende zake bila kumpima presha, amefanya nusu ya kazi.

Aliye hatarini zaidi aweza kujulikana mapema. Ni yule mwenye ugonjwa wa miaka mingi na sukari isiyotulia, avutaye sigara, au ambaye mkojo wake umeanza kutoa protini. Aliyewahi kupona kidonda cha mguu ndiye wa kuangaliwa kuliko wote, maana kidonda hicho hurudi; naye, ajabu, ndiye anayeagwa kwa furaha na kusahauliwa.

Kupima ganzi hakuhitaji mashine. Uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10, ukigusishwa unyayoni, watosha kumwonyesha muuguzi ni mguu gani usiohisi. Jicho nalo lichunguzwe hata kama mgonjwa anaona vizuri, kwa kuwa madhara ya nyuma ya jicho huanza kimya kimya.

Viatu navyo ni dawa. Katambuga huzuia miiba, hilo hatulikatai, lakini ukanda wake humsugua asiyehisi mpaka nyama ikatoka.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Tunawasihi wahusika wahakikishe kwamba kipimo cha mkojo, dawa za presha na uchunguzi wa miguu vinapatikana katika zahanati za mitaani, badala ya mgonjwa kungoja mpaka apelekwe hospitali kubwa na donda ndugu. Kila mgonjwa afikapo kliniki avue viatu, na muuguzi ainame atazame. Nyumbani, kila jioni, mtoto au mjukuu amtazame mzee nyayo na katikati ya vidole, hasa mzee ambaye macho yake yamekwisha kufifia.